Injini Nyuma ya Gari

Kilichonifanya niitoe paramota ndani ya gari, yaani ile injini yenye pangaboi inayovaliwa mgongoni ili kuruka na bawa la kitambaa, ni harufu ya petroli. Injini yake ni ya mipigo miwili, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na hata ukilimwaga tangi lote hubaki matone kwenye kabureta na mipira ya mafuta. Gari likipata joto, matone hayo yanageuka mvuke. Ukifungua madirisha yote bado kichwa kinauma, na bawa la nailoni lililolala pembeni linanyonya ile harufu pamoja na kila doa linalodondoka. Nikaamua injini isafiri nje, kwenye chuma cha kuvutia trela. Kununua trela zima kwa ajili ya mashine ya kilo 28 niliona ni kupitiliza.

Keria, yaani kibebeo kinachoshikwa na chuma hicho, nilichomelewa na fundi mmoja mwenye mkono mzuri sana. Tulivutana kidogo mwanzoni. “Kaka, kilo arobaini ni kitu gani?” aliniambia. “Chuma hiki kinavuta trela la zaidi ya tani.” Alikuwa sahihi kuhusu kuvuta. Lakini kuvuta na kubeba ni kazi mbili tofauti. Kwenye kibati kilichogongwa pale kwenye chuma, uzito ulioruhusiwa kulikandamiza tufe, kile kichwa cha mviringo kinachoshikwa na trela, kwenda chini ulikuwa kilo 75 tu, na ndani ya hizo lazima uhesabu keria yenyewe. Keria yetu ilikuja kuwa kilo 14, kwa hiyo jumla 42. Kwa kutazama, tulikuwa na nafasi ya kutosha. Tatizo ni kwamba mzigo wenyewe haukai juu ya tufe. Unakaa nyuma yake, kwenye mkono wa keria, na kila shimo la barabarani linaurusha juu kisha kuuangusha kwa nguvu inayozidi uzito wake ukiwa umetulia. Ndiyo maana nilimwomba afupishe mkono ule kadiri ilivyowezekana, mpaka kitovu cha uzito kikawa sentimita 40 nyuma ya tufe.

Halafu kuna gari lenyewe. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye ule uzito palikuwa na mita 1.4, na kati ya ekseli mbili za gari mita 2.6. Piga hesabu ya mzani: kilo 42 zinazoning'inia huko nyuma zinaipunguzia ekseli ya mbele karibu kilo 23, na kuiongezea ya nyuma karibu 65. Si uzito wa kulishinda gari, ila usukani unaanza kuwa mwepesi na taa za mbele zinainua macho. Nilirekebisha upepo wa matairi ya nyuma na kuzishusha taa. Bodi ndogo yenye taa za breki, indiketa na namba ya gari tuliifunga nyuma kabisa ya keria, maana mzigo uliziziba zile za asili, na dereva aliye nyuma yako hana njia nyingine ya kujua unataka kufanya nini.

Bima ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko chuma.

Nilimpigia wakala wangu, dada mmoja mwenye subira ya ajabu, nikamwomba tusome pamoja mikataba yangu yote kifungu kwa kifungu. Tulianza na wa nyumba. Ulilinda vifaa vyangu dhidi ya moto na wizi, kisha kwenye orodha ya visivyohusika pakaandikwa wazi: vyombo vya kuruka na vipuri vyake. Tukaenda kwenye wa gari. Huo ungemlipa mtu mwingine endapo mzigo wangu ungemdhuru, na keria ingeweza kuhesabiwa kama kifaa cha gari, lakini mzigo uliobebwa haukuwa na chochote. Ukabaki wa kuruka. Ulikuwa wa mtu wa tatu peke yake, yaani madhara ninayoweza kumsababishia mwingine nikiwa narusha, na ulianza kufanya kazi pale injini inapowashwa kwa ajili ya kupaa.

“Kwa hiyo barabarani?” nikamuuliza.

“Barabarani, kaka yangu, mashine yako haina mwenyewe.”

Hilo lilinishtua kweli. Mikataba mitatu, ada nailipa bila kuchelewa, na bado mashine ilikuwa inapita katikati yake. Tena barabarani ndiko inakokaa saa nyingi kuliko angani. Yule dada hakuniacha hapo. Alitafuta hadi akapata kampuni iliyokubali kuilinda ikiwa safarini, kwa thamani tuliyokubaliana mapema, isiwe thamani ambayo mtu angekuja kuikadiria baada ya hasara. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu paramota iliyotumika hushuka bei haraka hata ikiwa imetunzwa vizuri, wakati vipuri vyake vinabaki na bei ya vipya. Walitaka namba za injini, fremu na bawa, risiti, picha za namna inavyofungwa, na maelezo ya mahali inapolala. Katika nchi nyingi paramota ya kupaa kwa miguu haisajiliwi kama ndege, haina kadi wala namba ya ubavuni. Karatasi hizo ndizo pekee zinazosema ni yako. Masharti yao yalikuwa matatu: ifungwe kwa kufuli, isilale nje usiku bila mtu, na bawa pamoja na pangaboi visafiri ndani ya gari. Nikaomba jibu lao kwa maandishi. Lilipofika nililisoma mara mbili, nikatoa nakala moja na kuiweka garini.

Safari yenyewe nilifuatana na Mwalimu, mzee aliyenifundisha kuruka, ambaye mpaka leo huniita mwanangu. Tulikuwa tunakwenda kwenye uwanja wenye nyasi alikokuwa anawafundisha wanafunzi wapya, mwendo wa saa kadhaa. Aliikagua mashine kama vile ndiye angeivaa. Kizimba cha kuzunguka pangaboi tulikifungua vipande vyake vinne tukaviingiza ndani. Pangaboi lenyewe, la nyuzi za kaboni, tulilivingirisha blanketi. Injini yangu ina klachi, kwa hiyo pangaboi likiachwa mahali pake linazungushwa na upepo wa barabara njia nzima na kuchosha beringi bure, mbali na kokoto zinazoweza kulitoboa. Tangi tulilimwaga. Mdomo wa eksozi na wa kichujio cha hewa tuliuziba kwa vitambaa vyenye utepe mwekundu mrefu, ili asiweze mtu kuwasha akiwa amevisahau. Vumbi nyuma ya gari haliachwi kama unavyodhani. Hewa inayopasuliwa na gari hurudi kujikunja nyuma ya mlango wa buti na kuvuta kila kilichoko barabarani, na kabureta ya kiwambo haina simile na mchanga. Mwisho tulivuta mikanda miwili ya kukazia mizigo kutoka juu ya fremu kwenda kwenye bodi ya gari, mmoja kila upande, kusudi mashine isicheze kulia na kushoto.

Baada ya kilomita chache tukasimama. Mwalimu huwa hakubali kupita hapo bila kusimama. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea kidogo kwa kujikalia, tukaukaza. Tufe lilikuwa la baridi na kavu, keria haijasogea. Tukaendelea.

Tuligongwa kwenye foleni ya mzunguko, tukiwa tumesimama kabisa. Pikapu iliyokuwa nyuma haikuja kwa kasi kubwa. Nilisikia mlio wa chuma, gari likasogea mbele kama hatua moja, kisha kimya. Kijana akashuka mikono kichwani. “Samahani sana, kaka. Shikamoo mzee. Mguu uliteleza kwenye breki.” Hakuwa mkorofi, na hakujaribu kukana.

Mwalimu hakumjibu kwanza. Alitaka magari yote mawili yazimwe, akamtaka mtu aliyekuwa amekaribia na sigara arudi nyuma, ndipo akainama kunusa kama kuna mafuta. Hapakuwa na kitu, kwa sababu tangi lilikuwa tupu. Wakati huo mimi napiga picha. Nilipiga mikanda ikiwa bado imekaza, kufuli likiwa limefungwa, kibati chenye ule uzito ulioruhusiwa, na taa za bodi zikiwaka. Kisha umbali kati ya magari na alama za barabarani. Hatukugusa fundo hata moja mpaka askari alipofika na kuandika maelezo yake. Watu walikuwa wanatuhimiza tusogeze, na ninawaelewa, foleni ilikuwa ndefu. Lakini picha zile ndizo zilizokuja kusema badala yangu.

Keria ndiyo iliyopokea pigo. Bampa la gari halikuwa na mkwaruzo. Nguvu yote ilipita kwenye mkono wa chuma, ikaingia kwenye tufe na kwenda kwenye chesisi, na mashine ikiwa katikati. Fremu ya alumini ilikuwa imepinda upande wa chini, eksozi imesukumwa ndani, na kifuniko cha stata kimepasuka. Safari ikaishia hapo.

Mkadiriaji wa hasara aliyetumwa alikuwa mtu mwenye adabu, ila hakuwahi kuona paramota. Alizunguka mara kadhaa, akaandika: fremu inyooshwe, eksozi ichomelewe, kifuniko kibadilishwe. Kwa mashine ya kukatia nyasi ningekubali na kushukuru. Lakini fremu hii binadamu anaivaa angani. Nguvu ya injini inayomsukuma rubani inapita humo, na mtikisiko wa injini uko palepale kwa muda wote wa kuruka. Alumini iliyopinda ikanyooshwa baridi haina tena nguvu ya mwanzo, na pembeni mwa mahali ilipochomelewa ndipo nyufa huanzia. Nilimweleza hivyo kwa heshima, naye akasikiliza. Kisha nikaomba kitu ambacho hakukitarajia: injini ifunguliwe.

Hapo tulikwama kwa muda. Kufungua injini ni gharama, na kwa nje ilionekana salama, tena iliwaka vizuri. Mwalimu aliandika barua fupi kueleza jinsi raba za kushikilia injini zinavyopokea pigo la namna ile na kulipeleka kwenye masikio ya krankikesi, yaani vishikizo vya ganda la chini la injini. Nami nikaambatanisha orodha ya vipuri ya mtengenezaji yenye namba zake, maana dai lenye namba za vipuri linajibika kuliko dai lenye malalamiko. Wakakubali. Fundi aliosha krankikesi, akapaka ile rangi inayopenya kwenye ufa, akafuta na kupuliza unga mweupe. Kwenye sikio moja la chini ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba kama unywele. Kwa macho matupu hakuna aliyekuwa ameuona, si yeye wala mimi. Injini ile ingewaka na kunirusha, na ingeendelea kunirusha mpaka siku sikio lile lingekatika nikiwa juu ya miti. Sijawahi kujuta hata dakika moja ya ubishi ule. Mtu akikuambia kwamba mashine ya kurukia iliyogongwa “inawaka, kwa hiyo ni nzima,” usikubali, hata kama anayekuambia ndiye mwenye kulipa.

Malipo yalikwenda kwa utaratibu kuliko nilivyotegemea. Kampuni yangu ilinilipa krankikesi, fremu, eksozi na kazi ya fundi kwa mujibu wa thamani tuliyoandikiana, ikakata ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, kisha ikaingia katika nafasi yangu na kuidai bima ya yule kijana. Huko ilifanikiwa, na sehemu yangu ikarudishwa. Keria ililipwa kama kifaa cha gari. Kuhusu chuma cha trela kulikuwa na maneno, kwa kuwa kwa nje kilionekana kimenyooka. Kilipoteremshwa mabano yake yalikuwa yamejivuta kwenye matundu ya bolti, nacho kikabadilishwa.

Keria mpya fundi aliitengeneza bila mabishano yoyote. Safari hii mkono ni mfupi zaidi, na nyuma ya mashine tumeongeza upau wa chuma unaotokeza, ili mgongaji aukute huo kwanza. Viakisi vimekuwa vikubwa. Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa, yule dada alinipigia mwenyewe kuomba picha mpya, nami nikamwuliza juu ya dakika zile ambazo mashine imeshafunguliwa kwenye keria lakini haijavaliwa mgongoni, iko mikononi mwa watu wawili au imesimama kwenye nyasi. Aliingia kwenye vifungu vyake, akakuta kwamba bima ya safari iliishia pale kufuli linapofunguliwa, na ile ya kuruka ilikuwa bado haijaanza. Ukaongezwa mstari mmoja: kupakia na kupakua kumo. Mwalimu aliponisikia namsimulia, akaomba namba yake ya simu palepale.