Paini zangu na moto wa Oktoba

Nina ekari sita za paini Mufindi, si mbali na Sao Hill, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini Tanzania. Oktoba 2019 ekari mbili ziliteketea, miti ya miaka mitano, hata saa moja haikuisha. Nilikuwa na tawi bichi mkononi, napiga moto ambao umeshapanda vileleni. Ukifika huko, tawi halisaidii kitu. Unaondoka.

Kijijini kila mtu alimtafuta aliyewasha. Kiangazi watu wanachoma majani kuandaa vinyungu, bustani za bondeni, warina asali wanapita na vienge vyao, kwa hiyo wa kulaumiwa hakosekani. Mimi kesho yake nilitembea kwenye majivu nikafuata ulikopita. Ulitoka bondeni ukiwa moto mdogo wa nyasi. Nguvu uliipata kwenye shamba la jirani lililovunwa miezi michache nyuma. Dingdong, mashine ya kupasulia mbao inayohamishika, ilikuja, ikapasua mbao, ikahama. Vichwa vya miti, matawi na mabanzi vikaachwa vikauke mpaka kwenye mpaka wangu. Na mimi sikuwa nimepogolea hata mti mmoja. Matawi ya chini ya paini yakikauka hayadondoki upesi. Yalikuwa yameanzia usawa wa magoti, yamenasa sindano kavu, yale majani membamba ya paini. Moto ulitoka kwenye marundo yale ukapanda kama unapanda ngazi.

Zamani niliamini shamba likishavunwa moto hauna cha kula. Si kweli. Shina nene lililo hai haliwaki kirahisi. Kinachowaka ni sindano, vijiti na majani. Mvunaji anaondoa mashina, hivyo vyembamba anaviacha chini, halafu jua na upepo vinaingia na nyasi zinaota.

Nilianza na kupogolea. Nilifanya Desemba mvua ikiwa imeshika, ili matawi yapate miezi ya kuoza kabla ya kiangazi. Nilitumia msumeno, maana panga linachubua shina, nikaishia nusu ya urefu wa mti. Mistari ya pembeni matawi yote niliyatoa nje. Miti iliyopinda na iliyodumaa niliipunguza. Mwisho wa Mei nikalima barabara ya kuzuia moto, upana mita kumi, kuzunguka shamba, hadi udongo mtupu, kabla sakitu ya Juni, ule umande unaoganda, haijakausha nyasi.

Kazi ngumu ilikuwa kwa jirani. Ni mzee, nilimwendea jioni kwa heshima. Akaniuliza, "Mwanangu, mbao nimeshauza na hela imekwisha, nguvu ya kusafisha naitoa wapi?" Swali la haki kabisa. Tukakubaliana mabanzi yachukuliwe bure na wanaotaka kuni na uzio; ndani ya wiki mbili yalikwisha. Matawi tuliyakusanya katikati ya shamba lake, tukayachoma mvua za kwanza zilipolowesha ardhi, kwa kibali cha kijiji na bwana misitu akiwepo.

Septemba 2022 moto ukaja tena kutoka bondeni. Ulifika barabara yangu sehemu tatu, mbili ukafa wenyewe. Ya tatu ulivuka, kwa sababu upepo ulikuwa umetandaza sindano kwenye ule udongo na mimi sikuwa nimezifagia. Lakini ndani ulitambaa tu chini, usawa wa kifundo cha mguu, tukaupiga watu watano hadi ukazimika. Magome yalibaki meusi mpaka magotini, miti ikaendelea kukua. Nilipoteza kumi na moja ya pembeni. Siku hizi kuanzia Agosti barabara inafagiliwa kila wiki.

Ekari nne zilizobaki zikifika kuvunwa, nimeshazungumza na mwenye dingdong: vichwa na matawi yasogezwe mita ishirini kutoka kila mpaka ndipo ahame. Kwa sharti hilo ameshusha bei atakayonunulia miti yangu, na nimekubali.