Mpango wa matetemeko usiishie kwenye kuta, uende mpaka kwenye mabomba

Kila tetemeko kubwa likipita picha ni zilezile, ghorofa limelala chini, watu wanachimbua zege kwa mikono, halafu serikali inaahidi kukagua majengo yote. Yakaguliwe kabisa, sina neno, ila kinachonikera ni kwamba mipango mingi inakomea kwenye kuta na nguzo, na huko chini ya barabara kuna mabomba ya maji, gesi na nyaya za umeme ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zikatike.

Angalia tetemeko la San Francisco, Marekani, 1906. Kutikisika kwenyewe ilikuwa kama dakika moja hivi, lakini moto ukawaka siku tatu na zaidi kwa sababu mabomba makubwa yalishapasuka, zimamoto wanafungua maji hayatoki. Baadaye mji ukajenga mfumo mwingine kabisa wa maji ya presha kubwa kwa ajili ya zimamoto tu, ukakamilika 1913. Sasa njoo Kobe, Japani, 1995, karibu miaka 90 imepita na bado moto unawaka maji hakuna, watu zaidi ya 6,400 walikufa, wengi waliangukiwa na nyumba za zamani zilizojengwa kabla ya kanuni mpya za 1981, na gesi ilichukua karibu miezi mitatu kurudi.

Halafu kuna hospitali ya Olive View kule California, hii huwa naifikiria sana. Iliharibika vibaya kwenye tetemeko la 1971, wakaijenga upya imara kwelikweli, tetemeko la 1994 likaja na jengo likasimama bila shida, lakini mabomba ya ndani yakapasuka maji yakamwagika kila mahali na wagonjwa ikabidi wahamishwe! Yaani jengo zima lipo na hospitali haipo.

Na dawa ya haya mambo inajulikana. Kuna mabomba ya chuma yenye viungio vinavyocheza na kurefuka kidogo bila kuchomoka, Wajapani wanayo, na wana mita za gesi zinazojifunga zenyewe zikisikia mtikisiko. Christchurch, New Zealand, kampuni ya umeme ya Orion ilikuwa imeshaimarisha vituo vyake vya kupozea umeme miaka kadhaa kabla ya tetemeko la Februari 2011, na hela waliyookoa ilizidi mara nyingi ile waliyotumia. Nyaya kubwa za chini ya ardhi zilikatika hata hivyo, maana udongo wenye maji ukitikiswa unakuwa kama uji, kwa hiyo ramani ya udongo nayo iwe ndani ya mpango.

Kwenye majengo mimi nataka tarehe ya mwisho, basi. New Zealand baada ya kupoteza watu 185 kwenye tetemeko hilo la 2011, na 115 kati yao kwenye jengo moja tu la kituo cha televisheni cha CTV, walitunga sheria 2016, jengo likiwa chini ya asilimia 34 ya nguvu inayotakiwa kwa jengo jipya mwenyewe alipewa muda wa kuliimarisha au kulibomoa, sehemu zenye hatari zaidi muda mfupi zaidi. Uturuki wao kanuni nzuri walikuwa nazo lakini 2018 wakatoa msamaha, ulilipa ada jengo lako lililovunja kanuni linahalalishwa, na tetemeko la Februari 2023 likaua watu zaidi ya 50,000 nchini humo. Sisemi wote ni kwa sababu ya ule msamaha, ila serikali kuchukua hela na kuacha nguzo zilivyo, hapana jamani, hiyo siwezi kuielewa.

Kwa hiyo mpango wowote ukitolewa mimi nitafungua kwanza sehemu ya pesa, nione mabomba ya zamani yanabadilishwa mwaka gani kwa bajeti ipi, na mwenye nyumba asiye na uwezo atapata wapi mkopo wa kuimarisha nguzo bila kumtupia mpangaji mzigo wote kwenye kodi.