Bamvua la Namponda

Mjomba alikuwa anakwenda kisiwa cha Namponda kuchokoa pweza, na mama akaona afadhali niende naye kuliko kushinda barazani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina. Tukatoka Msimbati alfajiri na ngalawa. Kufikia saa nne asubuhi, maji ya bamvua, yale ya mwezi mpya na mpevu, yalikuwa yameshakupwa.

Kisiwani hakai mtu. Wavuvi hupiga dago, yaani kambi, siku mbili tatu, wakaondoka. Tulikuta mafiga meusi na kifuu. Mchangani palikuwa na mburuzo mpana uliopanda kutoka majini hadi kwenye majani, kisha ukarudi. Kasa.

"Usikanyage hapo, mjomba. Mayai mia na ushei hayo," akanionya.

Akaniambia zamani waliyala, kabla hifadhi ya bahari haijatangazwa mwaka 2000, na kwamba ute wake haugandi hata uyachemshe kutwa.

Yeye akashuka mwambani na nondo yake. Mimi nikabaki natazama ndege. Weupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene usiofanana na wa kitwitwi yeyote. Mmoja alikimbia hatua chache, akasimama, akachomoa kaa tunduni. Kaa akainua magando. Ndege akamgonga, akamshika gando, akamkung'uta mpaka mwili ukachomoka, halafu akaumeza mzimamzima. Nyuma yake alifuata mwingine wa kijivujivu, mkubwa karibu sawa naye, akilia bila kukoma. Kaa wa pili akapewa yeye.

Baadaye sana nilisoma kwamba ndege hao huzaliana Uarabuni na Somalia, wakichimba mashimo mchangani na kutaga yai moja tu. Kwa hiyo kinda yule alikuwa ameruka bahari yote ile na bado analishwa! Mjomba hakuhitaji kusoma. Aliporudi alimtazama, akanitazama.

"Naye kamaliza kidato cha nne huyo?"

Nilicheka, ingawa iliniuma.

Pweza hawakujaza hata nusu ndoo. Upande wa nje, alinionyesha, baruti ya kuvulia ilipita: matumbawe yamekuwa vifusi, miguu inazama kwa mlio wa vigae, na mapango ya pweza yamefukiwa. Maji yalipoanza kujaa tukasukuma ngalawa. Aliwatukana waliolipua, kwa Kimakonde, tangu tunapandisha tanga mpaka tunavuka mkondo.