Hisabati ya sekondari: jinsi nilivyomsaidia binti yangu kuvuka kidato cha kwanza na cha pili

Binti yangu alimaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro akiwa na alama nzuri za Hisabati, na Januari 2023 akaanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ya kata. Katika jaribio la kwanza la somo hilo, mwezi Machi, alipata alama 18 kati ya 100. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtoto huyu akikokotoa faida na hasara kichwani tangu akiwa darasa la tano.

Jambo la kwanza nililolifanya halikusaidia. Nilimpeleka tuisheni kwa mwezi mzima, akawa anarudi na daftari lililojaa kazi zilizonakiliwa kutoka ubaoni, lakini nilipomwomba anieleze hatua moja tu alinyamaza.

Jioni moja nikaichukua karatasi yake ya jaribio na kuipitia swali kwa swali. Swali la pili lilimtaka atafute L.C.M. ya 12, 18 na 30, naye alikuwa ameliacha wazi. Nikamuuliza, "KDS ya 12, 18 na 30 ni ngapi?" Alizipanga namba hizo tatu kwenye mstari mmoja, akaanza kuzigawanya kwa namba tasa: 2, tena 2, kisha 3, tena 3, mwisho 5, akazizidisha zote na kuandika 180 kabla sijamaliza kuosha vikombe. Kisha akaitazama karatasi ya jaribio kwa muda mrefu na kusema, "Mama, kumbe ni kigawe kidogo cha shirika?"

Swali jingine lilikuwa 7 − 2(3 − 5). Alikuwa ametoa 2 kwenye 7 kwanza, akapata jibu la −10. Nilimkumbusha neno moja tu, MAGAZIJUTO, naye akarekebisha mwenyewe: mabano kwanza, kisha kuzidisha, ndipo kutoa, na jibu likawa 11. Darasani walikuwa wamefundishwa BODMAS, akadhani ni kanuni mpya isiyohusiana na ile aliyoijua tangu shule ya msingi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amesahau hisabati; alikuwa amepoteza majina yake. Miaka saba alijifunza kwa Kiswahili, na sasa kila kitu alichokijua kilikuwa kimebadilishiwa jina kwa Kiingereza katika wiki chache za kozi ya awali.

Tulinunua daftari moja na kupiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto aliandika neno la Kiswahili, upande wa kulia la Kiingereza, na chini yake mfano mmoja aliouchagua mwenyewe. Namba tasa ikakutana na "prime number", asili ya sehemu ikakutana na "denominator", mzingo na "perimeter", kipeuo cha pili na "square root". Kila jioni baada ya chakula tulikaa dakika 20, si zaidi, naye ndiye aliyenifundisha mimi. Nilijizuia kabisa kumpa majibu, na mara nyingi sikuwa nayo.

Pia nilikwenda kumwona mwalimu wake wa Hisabati, jambo ambalo ningelifanya mapema zaidi kama ningejua faida yake. Alinieleza kwa upole kwamba darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, hivyo hawezi kusahihisha kila zoezi kwa undani. "Mama, usiangalie jibu la mwisho," aliniambia, "angalia njia." Kwenye mitihani ya Hisabati alama nyingi hutolewa kwa hatua zilizoonyeshwa waziwazi, na mtoto anayeandika jibu tupu, hata likiwa sahihi, hujinyima alama zake. Tangu siku hiyo nilianza kukagua daftari lake kwa namna ambayo mzazi yeyote anaweza, hata kama hajui mada yenyewe: je, kuna hatua kati ya swali na jibu?

Aljebra, ambayo wazazi wengi huiogopa, haikutusumbua kama nilivyotarajia. Shule ya msingi alikuwa amezoea kujaza kisanduku kitupu, na nilipomwonyesha kwamba herufi x katika 2x + 3 = 11 imekaa palepale kilipokuwa kisanduku, aliipata 4 bila shida.

Kidato cha pili ndicho kilichotaka uvumilivu. Logarithimu, kanuni ya Pythagoras, trigonometria, seti na takwimu huja zikifuatana, na mwezi Novemba unasubiriwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Zaidi ya mada nyingine zote, jiometri ya pembetatu zinazolingana ndiyo iliyomrudisha nyuma, kwa kuwa inamtaka mwanafunzi aandike sababu ya kila hatua kwa sentensi za Kiingereza, na hapo daftari la maneno peke yake halitoshi. Tulilazimika kuanza upya, safari hii kwa kunakili sentensi nzima na kuzisoma kwa sauti hadi zikamkaa.

Katika Upimaji wa Novemba 2024 alipata C, daraja ambalo huanzia alama 45. Nilifurahi kwa dhati, ingawa katika jaribio la shule lililotangulia swali la pembetatu lilikuwa limempa alama 3 tu kati ya 10. Sasa yuko kidato cha tatu, na uthibitisho wa jiometri bado ndio tunaouanza nao kila jioni, kabla ya mada nyingine yoyote.