Mlango ulivyonisaidia kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa wanafunzi wapya wa sayansi za afya, mwenzangu mmoja mkongwe alinishauri: "Watie hofu mapema, watasoma." Nikatii kama mtoto. Nikaandaa slaidi kama arobaini, nyingi zikiwa ratiba: saa ya kuamka, saa ya kusoma, hata saa ya kupumzika. Nikawatajia mifupa 206 ya mtu mzima na jozi 12 za neva za kichwa kana kwamba nawasomea mashtaka. Walikaa kimya, nami nikajipongeza. Jioni mmoja akanifuata kuuliza kama bado inawezekana kuhama kozi.

Kundi lililofuata nilizitupa slaidi. Niliwapa ukurasa mmoja tu, pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli. Dakika 10 baadaye kurasa zilikuwa zimepakwa rangi ya njano toka juu hadi chini. Nani ameelewa? Mikono yote juu. Haya, funikeni, mchore kwenye karatasi tupu. Hakuna penseli iliyosogea.

Basi nikafungua mlango. Darasa likawa ndani ya seli, korido ikawa nje, mlango ukawa pampu. Waliokaa nikawaita sodiamu, wachache nikawapeleka koridoni wawe potasiamu. Binti mwenye sauti kuliko wote akawa ATP, molekuli inayoipa pampu nishati: bila yeye kutoa ruhusa, hapiti mtu. Sodiamu watatu nje, potasiamu wawili ndani. Tena. Tena. Potasiamu mmoja akachoka, akachomoka kurudi koridoni. Nikamwacha, maana potasiamu ndivyo walivyo, huvuja.

Mzunguko wa sita hivi, kijana wa nyuma ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake akauliza: "Mwalimu, mbona humu ndani tunazidi kupungua? Si wote tuna chaji chanya?" Nilitamani kumkumbatia. Hapo ndipo penye siri ya ndani ya seli kuwa hasi kuliko nje. Sehemu kubwa ya uhasi huo huletwa na yule mtoro wetu na wenzake wanaovuja, lakini hilo nililiweka kiporo.

Kesho yake, kabla ya salamu, karatasi tupu tena. Safari hii walichora, na waliokwama walijua wamekwama wapi. Maneno marefu nayo tuliyakata vipande: nefro ni figo, ektomi ni kukata na kuondoa, basi nefrektomi haitishi tena. Ratiba sikuitaja. Kila mtu na usingizi wake.

Gharama? Karatasi kidogo, na koo langu.

Ila kelele zilimfikia yule mkongwe. Alikuja amekunja uso, anataka kuingia aone kulikoni. Binti wa ATP hakusogea mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe ni sodiamu au potasiamu?"