Jinsi nilivyopunguza mvuke wa plastiki: nilihesabu dakika kabla ya kemikali

Nilipokabidhiwa suala la kemikali kwenye karakana ya mashine za injekshen, zile zinazoyeyusha punje za plastiki na kuzisukuma ndani ya moldi, yaani kalibu za chuma, nilianza na orodha ya kemikali. Ikawa ndefu, na haikuniambia nianzie wapi. Nikaiweka kando na kuandika orodha nyingine: opereta anafanya kazi gani, kwa dakika ngapi, na pua yake iko umbali gani na plastiki ya moto. Hiyo ndiyo iliyonifaa.

Chukua mfano wa hesabu tu. Zamu ina dakika 480. Opereta anatemesha mashine mara 6, yaani anaisukuma plastiki ya zamani itoke nje kupitia nozeli mpaka silinda iwe safi, na kila mara anatumia dakika 5. Tuseme katika dakika hizo 30 anavuta hewa yenye stairini, mvuke unaotoka kwenye plastiki kama polistairini, sehemu 20 kwa milioni, na katika dakika 450 zilizobaki sehemu 0.5. Zidisha: 30 kwa 20 ni 600, na 450 kwa 0.5 ni 225. Jumla ni 825; gawa kwa 480, wastani wa zamu ni sehemu 1.7 hivi. Lakini angalia hiyo 600. Asilimia 6 tu ya muda imeleta zaidi ya asilimia 70 ya dozi. Ukifunga feni kubwa ya dari kwa ajili ya zile dakika 450, umetumia pesa mahali ambapo tatizo halipo.

Historia ya PVC, plastiki ya mabomba ya maji, inaonyesha jambo hilohilo. Mwaka 1974 madaktari wa kiwanda cha B.F. Goodrich mjini Louisville, Kentucky, walitoa taarifa ya angiosakoma, saratani adimu sana ya ini, miongoni mwa wafanyakazi waliotengeneza PVC. Kisababishi kilikuwa vinili kloraidi, gesi ambayo PVC hutengenezwa kwayo, na walioathirika zaidi ni wale waliokuwa wakiingia ndani ya matangi kukwangua mabaki kwa mkono. Marekani ilishusha kiwango kinachoruhusiwa kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi sehemu 1 kwa wastani wa saa 8, na isizidi 5 kwa dakika 15 zozote. Na pua haikuwa na la kusema: gesi hiyo huanza kunuka ikiwa imeshafika maelfu ya sehemu kwa milioni. Ndiyo maana mtu akiniambia "hapa hakuna harufu" silichukulii kama jibu.

Hapa kuna kosa moja la kurekebisha. Anayeyeyusha punje za PVC zilizokwisha kutengenezwa hayuko kwenye hali ya yule wa Louisville. Punje za siku hizi zina mabaki madogo mno ya vinili kloraidi, na PVC ikiungua haigeuki kuwa gesi hiyo. Inatoa hasa asidi ya haidrokloriki, inayochoma macho na koo na kula chuma cha moldi, na ikizidi kuungua inatoa benzini. Benzini ndiyo ya kuogopa kwa upande wa saratani, maana inahusishwa na saratani ya damu.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeweka vinili kloraidi, benzini, fomaldehaidi na butadini katika kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2024 likatangaza kuipandisha akrilonitrili iwe humo. Stairini iko kundi la 2A, la vile ambavyo yaelekea vinaisababisha. Watu husoma makundi haya vibaya: kundi linasema ushahidi una nguvu kiasi gani kwamba kitu kinaweza kusababisha saratani, halisemi kwa kiasi gani cha kukivuta. Dozi ndiyo inayoamua, na dozi tunarudi kwenye dakika na umbali.

Kabla ya kugusa feni yoyote nilishughulikia joto, kwa sababu mvuke usiozalishwa hauhitaji kuvutwa. ABS, plastiki inayotengenezwa kwa akrilonitrili, butadini na stairini, huchakatwa kati ya nyuzi 210 na 250 hivi, polistairini 180 hadi 240, POM, ile inayoitwa pia asetali, 190 hadi 210. Kila mkoba wa punje una karatasi ya mtengenezaji yenye kiwango chake, na hicho ndicho cha kufuata. Joto likipita hapo, minyororo ya plastiki inakatika: polistairini inarudi kuwa stairini, POM inarudi kuwa fomaldehaidi.

Skrini ikionyesha 220 haimaanishi kwamba plastiki iko 220. Kipima joto kikilegea kwenye tundu lake kinasoma chini ya joto halisi, kidhibiti kinadhani silinda imepoa, hita inaendelea kuwaka. Ninachofanya ni kuchoma sindano ya kipima joto cha mkononi ndani ya tonge lililotoka kwenye nozeli muda huohuo, nimevaa glavu za joto na ngao ya uso, kisha nalinganisha. Tofauti ikizidi nyuzi 10 au 15, mashine inasimama hadi kipima joto kikazwe au kibadilishwe. Kumbuka tu kwamba skrubu inayozunguka ndani ya silinda huongeza joto yenyewe kwa msuguano, hivyo mzunguko wa kasi sana na shinikizo kubwa la nyuma, lile linaloizuia skrubu isirudi kwa urahisi, vinaweza kuwa chanzo hata hita zikiwa sawa.

Kuna muda wa plastiki kukaa ndani pia, na huu husahaulika. Silinda ikibeba gramu 400 na kila mpigo, yaani kila mara moldi inapojazwa, ukitumia gramu 100 kwa sekunde 40, plastiki inatoka baada ya dakika 3 hivi. Weka moldi ndogo ya gramu 25 kwenye mashine hiyohiyo: mipigo 16, karibu dakika 11. Joto ni lilelile, lakini plastiki imepikwa karibu mara nne. Ninajaribu kila mpigo ubaki kati ya asilimia 20 na 80 ya uwezo wa silinda, na mashine ikisimama kwa zaidi ya dakika 10 au 15 nashusha joto, sisubiri fundi amalize chai.

Halafu lile ambalo sikubali mzaha juu yake: POM na PVC zisikutane ndani ya silinda moja, hata mabaki. Asidi ya PVC inaivunja POM kwa kasi, fomaldehaidi inajaa ndani, shinikizo linaweza kuirusha nje plastiki ya moto kupitia nozeli au faneli ya kumiminia punje. Kati ya hizo mbili napitisha polithilini au polipropilini hadi itoke safi kabisa, na faneli, kikaushio na sumaku vinasafishwa kwa mkono, maana punje moja moja hujificha humo.

Sasa kutemesha kwenyewe. Zamani tonge lilikuwa linaanguka sakafuni au kwenye boksi, linaachwa hapo linafuka. Tonge nene kama kichwa cha mtu hubaki na moto katikati kwa saa kadhaa na kuendelea kutoa mvuke muda wote huo, karibu kabisa na miguu ya opereta. Utaratibu niliouweka ni huu. Temesha kwa vipande vidogo, bapa, kama unene wa vidole viwili. Usipandishe joto ili kuharakisha, labda kama unatumia dawa ya kusafishia silinda ambayo mtengenezaji wake ameandika joto lake. Kinga ya nozeli iwe imefungwa, opereta amesimama pembeni, si mbele. Kipande kikitoka, kishikwe kwa koleo na kuzamishwa polepole kwenye ndoo ya chuma yenye maji baridi. Ndoo isiwekwe chini ya nozeli: plastiki ya moto ikidondokea maji kwa ghafla inarusha mvuke na matone. Vipande vikishapoa, vinatolewa na kuwekwa kwenye pipa lenye kifuniko.

Kisha ndiyo ikaja feni ya kuvuta. Watu wengi hununua feni yenye nguvu na kuiweka mbali. Kuvuta si kama kupuliza: hewa inayopulizwa husafiri mbali, lakini inayovutwa hupoteza kasi mara moja, na ukifika umbali sawa na kipenyo cha mdomo wa paipu imebaki kama sehemu ya kumi. Hesabu ninayotumia kwa mdomo wa wazi ni hii: kiasi cha hewa ni kasi unayotaka pale mvuke unapotokea, mara jumla ya eneo la mdomo na mara kumi ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mdomo wa mita za mraba 0.1, kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, na umbali wa sentimita 30, unahitaji mita za ujazo 0.5 kwa sekunde, yaani 1,800 kwa saa. Usogeze hadi sentimita 15 na inatosha 585 hivi. Feni ya theluthi moja, kazi ileile. Ukizungushia mdomo ukingo wa bati unapunguza tena kama robo, kwa kuwa hauvuti tena hewa safi ya nyuma.

Kilichoharibu kazi mara nyingi hakikuwa feni. Kilikuwa pangaboi la kusimama ambalo opereta ameligeuzia upande wake kwa sababu ya joto. Linapuliza mita 2 kwa sekunde, linaubeba mvuke kabla mdomo haujauvuta. Au paipu laini limekunjika nyuma ya mashine. Au milango yote imefungwa, hakuna hewa mbadala ya kuingia, na feni inazunguka bure. Ninapima kwa kijiti cha moshi kila wiki, pahali pasipo na kimumunyisho kinachoweza kushika moto: moshi ukienda moja kwa moja mdomoni, sawa, ukiyumba kupita uso wa opereta, kazi haijaisha. Hewa inayovutwa itolewe nje, juu na mbali na madirisha. Kichujio cha kaboni kinachoirudisha ndani kinajaa bila kutoa ishara yoyote.

Ukiniuliza kisichotarajiwa kilikuwa wapi, nitasema kwenye makopo ya kusafishia moldi. Plastiki ilikuwa inatuhumiwa, kumbe kopo la kupuliza lilikuwa na dikloromethani, kundi la 2A, na jingine trikloroethilini, kundi la 1, inayosababisha saratani ya figo. Fundi anainama ndani ya moldi yenye joto la nyuzi 60, anapuliza, dawa inachemka usoni pake. Glavu za naitraili hazisaidii: dikloromethani hupenya ndani ya dakika chache na kukaa kati ya glavu na ngozi. Nimeyaondoa yote mawili. Moldi zinazotoka mashineni zinakwenda kwenye beseni la mawimbi ya sauti lenye maji na sabuni yake. Zile zisizotoka zinakwanguliwa kwa kipande cha shaba nyeupe, ambacho hakichubui chuma. Barafu kavu inafanya kazi nzuri sana, ila inageuka kuwa kabonidayoksaidi, hivyo si ya chumba kilichofungwa.

Kwenye vumbi sitakaa sana. Mashine ya kusagia mabaki ifungwe na ivutwe, sakafu inyonywe kwa vakyumu au ifutwe kwa kitambaa chenye maji, upepo wa kompresa usitumike kusafisha nguo. Rangi za zamani za njano na nyekundu zinaweza kuwa na kadmiamu au kromati ya madini ya risasi, ambavyo ni sumu. Agiza rangi zilizokwisha changanywa kwenye punje badala ya unga.

Barakoa niliiacha mwisho kwa makusudi. Ile ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Kwa stairini inatakiwa yenye kichujio cha kaboni cha mvuke wa kikaboni, fomaldehaidi inahitaji kichujio kilichoandikwa kuwa kinaizuia, na ndevu zinafungua njia pembeni. Ni ya dakika za kutemesha na za matengenezo. Mtu hawezi kuivaa saa 8 kwenye joto, ataishusha kidevuni.

Kupima hewa ndiko kunakoonyesha kama haya yote yamefaa. Kipimo kinafungwa kwenye kola ya opereta, ndani ya sentimita 30 kutoka puani, si ukutani, na avae yule anayetemesha siku hiyo. Nachukua vipimo viwili: cha zamu nzima, na cha dakika 15 wakati wa kutemesha tu, kwa kuwa wastani wa zamu unaweza kuficha kilele. Kwa stairini kuna pia mkojo wa mwisho wa zamu, unaopimwa asidi ya mandeliki na ya fenilgliokisiliki, ambazo mwili huzitengeneza unapoivunja stairini. Pombe huchelewesha mwili kuivunja stairini, kwa hiyo aliyekunywa anaweza kuonekana safi kuliko alivyo. Swali hilo liulizwe kwa faragha kabla ya kusoma majibu.

Kila kipimo kinaingia kwenye faili lenye jina la mtu, tarehe, aina ya plastiki, joto lililosomwa kwenye tonge na hali ya feni siku hiyo. Sheria ya Marekani inataka kumbukumbu za aina hii zitunzwe angalau miaka 30, na ndiyo muda ninaoutumia, kwani uvimbe wa ini wa vinili kloraidi mara nyingi huonekana baada ya miaka 20 au zaidi. Nakala moja anapewa opereta mwenyewe anapoondoka, aweze kumwonyesha daktari ambaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua alivuta nini.