Jinsi nilivyolimaliza deni la kadi ya mkopo

Benki ilikuwa imeshaliondoa deni langu vitabuni, lakini kuliondoa si kulisamehe. Wakala wa madeni aliendelea kupiga simu akidai mara tatu ya nilichokopa. Kilichoniokoa ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya: riba haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo mkopo ulipoacha kulipwa. Nikaenda tawini, katikati ya Nairobi, nikaomba taarifa kamili ya akaunti na kuwaonyesha riba iliyopita kipimo. Hapo wakalegea. Nikapendekeza kulipa kwa mkupuo, pesa za chama chetu cha akiba, ila sikutoa hata shilingi kabla ya barua ya benki yenyewe kusema kiasi hicho kinamaliza deni lote. Jamani, ahadi ya simu msiitegemee! Nililipa kwenye akaunti ya benki, si kwa namba ya wakala, kisha nikafuatilia hadi rekodi yangu ya CRB (shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji) ikarekebishwa.